Kinywa cha Undila

Kwetu huku kwenye matete, mtu akiitwa kwa jina la heshima huinua uso. Sarve alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Watu walipenda hali hiyo, wakasema mwanamke huyu ana haya, hajui majivuno, na kadiri alivyoinama ndivyo walivyozidi kumwita: Kinywa cha Undila, njoo ukae karibu na moto, Kinywa cha Undila, pokea kichwa cha samaki. Hata mimi nilimwita hivyo, tena kwa sauti. Ukweli nilikuja kuujua kutoka kwake mwenyewe, alipokuwa mzee na hana tena wa kumficha, na tangu hapo nikikumbuka nilivyompigia kelele za sifa natamani ardhi inimeze.

Sarve hakuzaliwa ziwani. Kwao ni msituni, mwendo wa siku nne ukipanda mto, kwa watu wa nyama na uyoga wanaotusema kwamba sisi tunakula kitanda chetu. Wanasema kweli. Matete tunaezekea, tunafumia mikeka, tunalalia, na ikifika baridi mizizi yake ndiyo inayotuvusha. Nazungumzia yale matete manene yenye kichwa cha kahawia kinachopukutika manyoya, si yale membamba ya pembezoni, ambayo hata panya hawayagusi. Kerg, mwana pekee wa Undila, alimkuta Sarve kwenye mkutano wa kubadilishana ngozi, akarudi naye. Mama mtu akamkagua yule binti kuanzia utosini hadi nyayoni, akatoa hukumu yake.

"Miguu mikubwa. Itafaa matopeni."

Siku hiyo hiyo Sarve aliaibika mbele ya kambi nzima. Alipewa kipande cha mzizi uliochomwa, naye kwa adabu ya ugeni akakitafuna na kukimeza na nyuzi zake zote, kama anayemeza kamba ya mtumbwi, kikamkwama. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Botja, binti wa ami yake Kerg, alicheka kuliko wote, akauliza kama kule msituni wanakula nguo pia. Undila ndiye hakucheka. Alimpiga Sarve mgongoni mpaka nyuzi zikatoka, kisha akaketi mbele yake na kutafuna kipande chake polepole ili mgeni aone: unauma, unatafuna, unakamua kwa ulimi ukiubana kwenye kaakaa, unga unatoka mzito na mtamu, huo ndio unaumeza. Makapi unayatema.

Baada ya mwaka mmoja Sarve alikuwa akichimba kama aliyezaliwa humo. Majani yakishapukutika mitini aliingia majini hadi mapajani, akapapasa mizizi kwa vidole vya miguu, akaikata kwa jembe la pembe ya kulungu, na Undila amesimama ukingoni anagomba kwamba avute, asibembeleze, huo ni mzizi si mchumba. Waligombana juu ya moshi, juu ya mikeka, juu ya namna ya kumfunga mtoto mgongoni, kisha wakakaa bega kwa bega wakimenya mizizi na kumsengenya Botja. Sarve alifiwa na mama yake akiwa mdogo. Hakuna aliyemwambia amwite Undila mama, neno lilimtoka lenyewe siku moja matopeni, na Undila akaitika kana kwamba alikuwa akiitwa hivyo siku zote.

Matete yana gharama yake. Hata uoshe vipi, mzizi hubaki na chembe za matope, na matope hayo husaga meno. Ndiyo maana wazee wetu huwa vibogoyo mapema kuliko wa msituni. Jino la mwisho la Undila lilitoka vuli ile ambayo Mio, binti wa Sarve, alitimiza miaka sita.

Kwetu kibogoyo haachwi. Anapewa kinywa. Kinywa ni mtu anayemtafunia: anatafuna mzizi wa mzee, anakamua unga, na badala ya kumeza anautema kwenye bakuli la ganda la mti, anamwaga maji, anatumbukiza jiwe la moto mpaka unga unakaza na kuwa uji. Makapi yanarundikwa kama kichuguu mlangoni, wapitao waone kwamba kinywa kinafanya kazi. Kinywa kimoja kina mtu mmoja, hakitafunii wawili, kwa kuwa mataya nayo yana mwisho, na katika kambi ndogo kama yetu hakuna mataya ya ziada. Na kinywa kikimeza kisicho chake tunasema kimemeza mtu. Neno hilohilo tunalitumia kwa muuaji. Mwanamke aliyemeza mtu hurudishwa kwao siku ileile, hana hata mkeka wa kulalia njiani, na watoto hubaki na ukoo wa baba.

Undila alimteua Sarve mbele ya wote. Aliweka kidole juu ya midomo ya mkamwana wake, akasema, "Hiki ndicho changu," na Sarve akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Msichana aliyechekwa kwa kumeza nyuzi leo amekuwa mtafunaji wa mwanamke mkali kuliko wote ziwani.

Kisha ikaja baridi ile. Mvua zilichelewa, zikanyesha kwa pupa, ziwa likapanda likaingia kwenye shimo la akiba, na nusu ya mizizi ikaoza. Tuliitoa inanuka, tukaitupa. Baada ya hapo barafu ikashika kila kitu na chimbo likafungwa. Samaki hawakuja kwenye matundu ya barafu. Kerg na wanaume wenzake wakafuata kulungu upande wa mawio, wakakawia, na kila siku wanawake walitazama upande huo na kuona weupe mtupu. Mzee Ruodo, mgawaji wetu, alianza kukata mafungu madogo, halafu madogo zaidi. Wazee vibogoyo walitangulia kupewa, kama desturi ilivyo, halafu watoto, halafu wengine. Sarve alichukua fungu la Undila na fungu lake. La kwake alimmegea Mio sehemu kubwa. Kisha akaketi kutafuna la Undila.

Ningependa kusema kwamba alikuwa na mimba, au alikuwa ananyonyesha. Hakuwa. Alikuwa na njaa tu, kama mimi, kama kila mtu.

Mara ya kwanza koo lilimsaliti. Alikuwa ametafuna, kinywa kimejaa unga mtamu, amekwisha inamia bakuli, na koo likameza lenyewe. Alishtuka, akatazama huku na huku. Mio amelala, Undila amefumba macho karibu na moto. Sarve akatafuna tena makapi yaleyale, akakamua kilichobaki, akaongeza maji, akatumbukiza jiwe. Uji ukatoka mwembamba, unaonekana mpaka chini ya bakuli. Aliuleta hivyohivyo.

Undila alionja.

"Mizizi ya mwaka huu haina unga," akasema.

"Maji yaliingia shimoni, mama," Sarve akajibu. "Yameiharibu."

Uongo ukatoka laini kuliko uji. Usiku huo aliapa moyoni kwamba kesho atafidia, atampa na fungu lake mwenyewe. Kesho ikafika, akatafuna, akajiambia nusu tu, nusu haionekani, na alipomeza hakuweza kulisingizia koo. Siku iliyofuata hakujiambia chochote. Alijifunza kumeza bila kusogeza mabega. Alijifunza kukaa amegeukia ukuta wa matete. Hakuna siku aliyomeza asijichukie, na hakuna siku aliyojichukia asimeze.

Na kichuguu cha makapi mlangoni kikapanda. Hicho ndicho kilichotupofusha. Makapi yalikuwa mengi, meupe, yamekamuliwa mpaka yamekauka, na sisi tulipita tukaona kazi. Botja, aliyekuwa akimtafunia baba yake Hamu, alisimama siku moja akalitazama lile rundo kwa wivu wa kirafiki, akasema kwamba wifi yake huyu wa msituni ana mataya ya mawe. Sarve akacheka naye. Ladha ya unga wa Undila ilikuwa bado iko kwenye ulimi.

Undila akaanza kwisha. Mikono yake ikawa vijiti, ngozi ya shingo ikaning'inia, na alipotaka kugeuka ilibidi Sarve amgeuze. Mzee Hamu alikula kutoka shimo lilelile na mashavu yake yalikuwa pale pale. Watu wakaanza kunong'ona. Botja, ambaye hajawahi kuweka neno moyoni likalala, akasema wazi kwamba Ruodo anampa Undila ncha mbovu za mizizi, na sababu anaijua yeye: Undila alimkataa Ruodo ujanani, tena kwa maneno ambayo mwanamume hasahau. Habari hiyo ilizunguka vibanda vyote kabla jua halijafika utosini. Ruodo alipoisikia aliliweka chini jiwe lake la kugawia, akasema hakati tena hata fungu moja mpaka jambo hili liishe mbele ya wote.

Tulikusanyika mchana uleule kando ya shimo la akiba. Undila alibebwa na mkeka wake. Sarve alisimama, Mio amemshika vazi. Ruodo hakupiga maneno mengi. Alichukua kikapu, akamwambia Sarve achague mzizi wowote mwenyewe, autafune pale pale na kutema, ili kila jicho lione kama una unga au hauna.

Sarve akachagua, akamenya, akatia mdomoni. Unga ukamjaa kinywani. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipoona njia mbili mbele yake kama mtu anavyoona vidole vyake. Angeweza kumeza kidogo kidogo, kwa ule ustadi aliojifunza, akatema maji matupu, na lawama ingemwangukia Ruodo, mzee wa watu asiye na kosa. Ruodo alikuwa akimtazama, kidevu kinamtetemeka. Sarve akainama akautema wote. Hilo nalo alitaka nilijue, kwa kuwa lilikuwa jambo safi pekee alilofanya baridi ile nzima, na hata hivyo halikumsaidia mtu.

Bakuli likapita mkono kwa mkono. Unga ulikuwa mzito, mweupe, unang'ang'ania pembeni.

"Mzizi una unga," Ruodo akasema. "Makapi tunayaona mlangoni kila siku, yamekamuliwa. Basi uji unakwenda wapi?"

Macho yakaanza kumgeukia Sarve, moja moja. Alihisi mkono wa Mio kwenye vazi lake. Alijua siku nne za kupanda mto katika theluji zikoje, lakini si hizo zilizomtisha. Alimwona Mio akikua katika kibanda cha Botja, akiambiwa mama yako alimeza mtu. Alifungua mdomo. Anaapa kwamba aliufungua ili aseme, na mimi sina sababu ya kumkatalia, ila neno halikutoka.

"Naumwaga," sauti ikatoka mkekani.

Ilikuwa ya Undila. Ruodo akamwinamia, akamuuliza anaumwaga wapi.

"Chini ya mkeka. Mkamwana wangu hajui. Akigeuka kumtazama mtoto, mimi namwaga. Nimechoka kuishi, Ruodo, nilitaka kwenda zangu. Mwacheni huyu, na wewe acha kutetemesha kidevu, mizizi yako ni mizuri."

Hapo kelele zikaanza. Kwetu mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini kumwaga chakula katika baridi ya njaa, huku watoto wanalamba mikono, ni dhambi isiyo na utetezi. Wapo waliomtukana Undila palepale, wanawake ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kuchimba. Nilikuwa mmoja wao. Hukumu yake inajulikana na haikuhitaji majadiliano: matope usoni, yakauke yaanguke yenyewe bila kuoshwa, mgongo kwenye moto wakati wa kugawa, na fungu lake litoke la mwisho kabisa, baada ya watoto, baada ya wageni, mpaka siku atakayokufa. Ruodo alivunja barafu kwa kisigino, akachota tope jeusi, akampaka. Undila alikaza macho mbele. Botja naye alikuwa akilia, amemkumbatia Sarve, anamwambia maskini wifi, umetafuna bure, umetafuna mpaka mataya yamekuuma, na mwenzio anamwaga. Yeye ndiye aliyelitamka lile jina kwanza kwa namna ya sifa. Kinywa cha Undila. Watu wakalidaka. Sarve alisimama katikati ya sifa hizo akimtazama yule mzee anapakwa, na midomo yake ilikuwa imefungwa barabara.

Siku hiyo nyumbani alitafuna fungu la Undila na la kwake pia, akatema lote. Uji ulisimama kwenye bakuli. Undila aliunywa mpaka tone la mwisho, matope yamekauka kwenye mashavu yake na kupasuka kila alipomeza. Sarve alingoja aambiwe neno. Alingoja tusi, alingoja kofi. Undila alipangusa mdomo, akasema uji wa leo ni mzito, akajilaza.

Hakufa. Nguvu zilimrudia kidogo kidogo, na barafu ilipoyeyuka aliweza kukaa mwenyewe. Kerg alirudi na nyama na kidole kimoja pungufu. Alipohadithiwa yaliyopita alimgombeza mama yake mbele ya watu, kisha akavunja mfupa mkubwa, akautoa uboho wake, akauweka mkononi mwa mkewe na kumshukuru. Sarve aliula. Anasema mpaka leo hakumbuki ladha, anakumbuka tu kwamba Undila alikuwa amekaa pembeni anawatazama, na kwamba hakujua aweke wapi uso wake.

Zikapita baridi nne. Kila siku ya kugawa Sarve alisimama mwisho wa mstari na kikapu chake, nyuma ya watoto wenye makamasi, akisubiri fungu la yule mzee aliyehukumiwa, na kila siku watu walimpisha kwa heshima na kumwambia pole, mama, una moyo. Moyo gani. Hakuwahi kumeza tena hata tone. Alichagua mizizi minene, alitafuna mpaka mataya yakavimba, aliuchuja uji kwa nyasi laini ili usiwe na chembe. Nyama hakuweza tena kuila mbele za watu, alikula amegeuka. Kitu kimoja tu kilimpa usingizi: wazo kwamba Undila alijua, na akamsamehe. Alijiambia kwamba mzee yule alimpenda kama binti, akajitwisha tope ili yeye asitengwe na mtoto wake. Alilishikilia wazo hilo kama mtu anavyoshikilia ukingo wa mtumbwi uliopinduka. Hakuwahi kuuliza, na Undila hakuwahi kusema.

Vuli iliyofuata Botja akaja na habari njema. Wasichana watano walikuwa wamefikia umri wa kufundishwa kazi ya kinywa, Mio akiwemo, na wanawake wote wamekubaliana kwamba mfundishaji ni Sarve. Nani mwingine? Sarve alisema ana kikohozi. Botja akasema atakohoa hukohuko. Basi asubuhi yake akaketi kwenye mkeka mpya, wasichana wakapita mmoja mmoja kugusa midomo yake kwa kidole, kama wanavyogusa kitu chenye baraka. Akawaonyesha namna ya kukamua, namna ya kutema bila kupoteza, mahali pa kuweka makapi. Mio alikuwa wa mwisho. Aligusa midomo ya mama yake huku anatabasamu kwa fahari, akabaki hapo.

"Mama, wakati ule wa njaa, hukuwahi kutamani kumeza? Hata mara moja?"

Wenzake wakacheka, kwamba swali gani hilo. Wote wakamtazama Sarve wapate jibu.

"Hapana," Sarve akasema.

Mio akaitikia kwa kichwa taratibu, akaliweka jibu hilo moyoni mwake, na Sarve akaona jinsi alivyoliweka. Watu wazima alikuwa amewadanganya miaka yote kwa kunyamaza. Huyu alimdanganya macho kwa macho, mtoto wake, kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwenye mkeka wa mafundisho. Aliwaaga wale wasichana, akasema mzee anangoja kula, akaenda nyumbani karibu anakimbia.

Undila alikuwa peke yake mlangoni, anaota jua la mchana. Sarve alipiga magoti mbele yake, mzizi mkononi, haujamenywa.

"Mama, baridi ile ya njaa. Nilikuwa nameza."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nimetafuna matete kabla baba yako hajazaliwa. Nishindwe kujua uji uliokamuliwa na uji uliooshwa?"

Sarve akaishika miguu yake, akalia bila kujizuia, kilio cha miaka minne. Maneno yakamtoka ovyo. Akasema nilijua mama, nilijua ulinihurumia, ulibeba tope langu usoni, umekaa mwisho kwa ajili yangu na Mio, upendo huo nitaulipa na nini. Alisema hivyo mara nyingi. Undila alimwacha amalize.

"Upendo gani?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyesikia neno vibaya. Sarve akainua uso.

"Nilikuwa na dada, Velke. Wewe hukumkuta. Kinywa chake kilimmeza, naye akasimama mbele ya watu akasema. Wakamrudisha yule mwanamke kwao siku hiyohiyo, kila mtu akaridhika, wakaenda kulala. Velke akabaki na mizizi yake mapajani. Kila kinywa kilikuwa na mtu wake. Mimi nilikuwa namtafunia mama. Nilimwona anainyonya ile mizizi kwa fizi siku kumi na mbili." Undila akapangusa mdomo. "Kerg hakuwepo, Botja alikuwa na baba yake. Ningekutaja wewe, nani angenitafunia? Nusu ya uji ni uji."

Mikono ya Sarve ilikuwa bado kwenye miguu ya mzee, hakujua kama aiache au aitoe.

"Lakini mama, mimi tangu siku ile sijameza tena. Hata tone. Baridi nne."

"Najua hilo pia. Nakutazama koo kila unapotafuna. Baridi nne nalitazama. Nikijaribu kuangalia kwingine nashindwa."

Alisema hivyo bila kumlaumu, kwa uchovu, akasogeza bakuli kwa mguu mpaka likafika magotini pa mkamwana wake.

"Haya, menya. Nina njaa."

Sarve alimenya. Akatia kipande mdomoni, akaanza kutafuna, na macho ya Undila yakashuka kutoka usoni mwake, yakatua kwenye koo lake, yakakaa hapo.